Mkoba wa mwakilishi wa dawa na nusu dozi ya mgonjwa

Mfamasia ana nafasi moja ambayo daktari hana: vyeti vya dawa vinavyoandikwa na madaktari wengi wa mji hupita mikononi mwake kwa pamoja. Daktari anajua alichoandika yeye, na pengine alichoandika mwenzake wa chumba cha pili, lakini aliyesimama dirishani mwa famasi katikati ya Dodoma huona jambo likianzia hospitali moja, likahamia kliniki ya jirani, na baada ya wiki chache likawa desturi ya mji mzima. Huona antibiotiki yenye jina la biashara, yaani jina iliyopewa na kampuni, ambalo mwezi uliopita hakuna aliyelitaja ikianza kuandikwa na madaktari watatu au wanne kwa mfululizo, ilhali wagonjwa wanaoijia wana yale yale tuliyokuwa tukiyatibu siku zote: maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, vidonda vilivyotunga usaha, masikio ya watoto. Vimelea havikubadilika katika mwezi huo, wala Mwongozo wa Matibabu wa Taifa haukubadilika. Kilichotokea ni kwamba mwakilishi wa kampuni ya dawa alipita.

Sina kinyongo na madaktari. Ninaofanya nao kazi ni watu waadilifu, na ninaamini wengi wao hawajapokea hata shilingi moja kwa ajili ya kuandika dawa fulani. Ndiyo maana nadhani mjadala wetu juu ya jambo hili huanzia mahali pasipofaa. Zikitajwa kampuni za dawa na madaktari, mazungumzo hukimbilia rushwa, bahasha na kamisheni, na daktari mwadilifu anayesikiliza hujiona hahusiki. Rushwa ina sheria yake, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na wa kuisimamia ni TAKUKURU, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa mjini. Mimi nataka kuzungumzia kile kinachobaki baada ya kuiondoa rushwa yote: maelezo yanayotolewa kwa urafiki, ukarimu unaopokewa kwa nia njema, na namna mambo hayo mawili yanavyomfikia mkulima wa Bahi au Kongwa yakiwa dozi isiyokamilika.

Mji wetu umekuwa soko kubwa la dawa kwa muda mfupi. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kutoa huduma mwaka 2015, mwaka uliofuata serikali ikatangaza kuhamia Dodoma, na mwaka 2018 tukapewa hadhi ya jiji. Watumishi walipokuja na familia zao, zikafuata kliniki binafsi, maabara na famasi, kuanzia Area C hadi Kisasa na Ilazo. Zamani mwakilishi wa dawa alikuwa mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyelala usiku mmoja au miwili akaondoka. Siku hizi anaishi hapa, anasali pamoja na madaktari anaowatembelea, na anakutana nao kwenye misiba na harusi. Wengi wao ni wafamasia kama mimi, vijana waliofaulu vizuri wakakosa ajira serikalini, na siwezi kuwalaumu kwa kuifanya kazi waliyoajiriwa kuifanya. Tatizo liko katika namna kazi yenyewe ilivyopangwa, kwamba mwakilishi hupewa lengo la mauzo la kila mwezi, na kipato chake hupanda na kushuka kwa kulifuata lengo hilo. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuiona hatari hiyo. Katika vigezo vyake vya maadili ya utangazaji wa dawa vya mwaka 1988 lilisema kwamba sehemu kubwa ya ujira wa mwakilishi isitegemee moja kwa moja wingi wa mauzo anayoyaleta. Zaidi ya miaka 35 imepita tangu hapo, na bado sijakutana na mwakilishi asiye na lengo la mauzo.

Ziara yenyewe huwa fupi. Mwakilishi husubiri foleni ya wagonjwa wa nje ipungue, huingia na mkoba wake, humwamkia daktari kwa heshima, humuulizia familia, kisha hufungua kipeperushi chenye grafu na kulitaja jina la dawa moja mara nyingi ndani ya dakika chache. Huacha kalamu, kalenda ya ukutani na sampuli. Baada ya hapo huja famasi, na hii ndiyo sehemu wasiyoijua walio nje ya kazi yetu. Anataka kujua dawa yake inatembeaje, ni daktari gani anayeiandika zaidi, na nani bado anaandika ya mshindani. Kule Marekani wafanyabiashara wanaokusanya rekodi za famasi waliziuzia kampuni za dawa taarifa za namna hiyo, na jimbo la Vermont lilipojaribu kuzuia kwa sheria, Mahakama ya Juu ya nchi ile iliitengua sheria hiyo mwaka 2011. Hapa kwetu anatosha mtoa dawa mmoja mwenye moyo mwepesi. Mimi husema kwamba vyeti vinamhusu mgonjwa na anayemtibu, na mazungumzo huishia hapo kwa amani; lakini najua swali lilo hilo linaulizwa duka la pili, na ziara ijayo ya mwakilishi huyo kwa daktari itapangwa kwa kufuata jibu alilolipata huko.

Daktari akiulizwa kama ziara hizi zinambadilisha, hujibu kwamba hazimbadilishi, na kwa kadiri anavyojijua anasema kweli. Mwaka 2001 Michael Steinman na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza madaktari waliokuwa mafunzoni Marekani. Asilimia 61 walisema utangazaji hauathiri namna wao wanavyoandika dawa, lakini ni asilimia 16 tu walioamini kwamba madaktari wengine nao hawaathiriki. Majibu hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Kabla ya hapo, mwaka 1992, watafiti Orlowski na Wateska walikuwa wamefuatilia matumizi ya dawa mbili katika hospitali moja kubwa, kabla na baada ya madaktari wake kualikwa kwenye semina za kampuni zilizofanyika katika hoteli za mapumziko kwa gharama za kampuni. Matumizi ya dawa zote mbili yalipanda sana baada ya safari hizo, ingawa wengi wa madaktari walikuwa wamesema kwamba safari haitawabadilisha.

Upo pia utafiti wa mwaka 2016 uliochapishwa katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani linalohusu magonjwa ya ndani, ukiwa na rekodi za madaktari karibu 280,000. Ulionyesha kwamba daktari aliyepokea hata mlo mmoja tu, wa thamani isiyofika dola 20, aliandika zaidi dawa ya kampuni iliyomlisha, na kadiri milo ilivyoongezeka ndivyo uandikaji ulivyoongezeka. Nikiwa mwangalifu lazima niseme kwamba utafiti wa aina hiyo peke yake hauthibitishi kuwa mlo ndio chanzo, kwa sababu huenda aliyekwisha kuipenda dawa ndiye anayekubali mwaliko. Lakini ukiusoma pamoja na ule wa mwaka 1992, ambao uliwaangalia madaktari hao hao kabla na baada, ni vigumu kwangu kuamini kwamba chakula kile hakifanyi kazi yoyote.

Sisi Watanzania tuna ushahidi wetu juu ya jambo hili, nao haukutoka hospitalini. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa kawaida wa mgombea kwa wapiga kura, na kwa miaka kadhaa tukabishana kama sahani ya pilau inaweza kununua kura. Wapo waliotetea kwa kusema mkono mtupu haulambwi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine mawili, ilivitangaza vifungu vile kuwa kinyume cha Katiba, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba vilimpendelea mgombea mwenye fedha dhidi ya asiye nazo. Ninapoitazama rafu ya famasi yangu huiona hoja hiyo waziwazi. Amoksilini ya kawaida, antibiotiki ya zamani isiyo na jina la biashara la kutangazwa, ni yule mgombea maskini: hakuna anayemwandalia daktari chakula cha mchana kwa ajili yake, hakuna kalenda yenye picha yake, na hakuna kijana mwenye tai anayepita kila wiki mbili kukumbusha kwamba dawa hiyo bado inatibu. Daktari hashawishiwi aichukie. Anaacha tu kuikumbuka, na ile iliyotajwa jana ndiyo inayotangulia kufika kwenye kalamu.

Lipo jambo la pili, zito zaidi, ambalo ni yale yasiyosemwa katika dakika zile chache. Barbara Mintzes na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti uliowahusu madaktari wa Vancouver, Montreal, Sacramento na Toulouse, waliojaza fomu kila baada ya kutembelewa na mwakilishi. Madhara makubwa ya dawa yalitajwa katika karibu asilimia 6 tu ya mazungumzo, na bado wengi wa madaktari waliyaona maelezo waliyopewa kuwa ya kiwango kizuri. Hiyo ni miji ya Kanada, Marekani na Ufaransa, yenye sheria kali na madaktari wenye vitabu vyote wanavyovitaka. Sioni sababu ya kudhani kwamba hapa Dodoma tunaambiwa zaidi yao.

Ukimya huo ulikwisha kugharimu maisha. Dawa ya maumivu ya viungo iliyoitwa Vioxx, ya kampuni ya Merck, iliruhusiwa Marekani mwaka 1999. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba waliotumia dawa hiyo walipata mshtuko wa moyo mara kadhaa zaidi ya waliotumia naproxen, dawa ya zamani ya maumivu. Kampuni ikaeleza kwamba pengine ile ya zamani ndiyo inayoukinga moyo. Nyaraka zilizowekwa wazi mbele ya Bunge la Marekani mwaka 2005 zilionyesha kwamba wawakilishi wa kampuni walielekezwa wasiuanzishe wao mjadala wa utafiti ule, na daktari akiuliza kuhusu moyo, waonyeshe kadi maalumu iliyoifanya dawa ionekane salama. Dawa iliondolewa sokoni tarehe 30 Septemba 2004, baada ya kutumiwa na watu zaidi ya milioni 80 duniani. Nakitaja kisa hiki kwa sababu madaktari wale hawakuwa wazembe. Waliuliza swali lililotakiwa kuulizwa, na aliyeketi mbele yao alikuwa amefundishwa namna ya kutolijibu.

Kisa cha OxyContin, dawa kali ya maumivu ya kundi moja na mofini, kinajulikana zaidi, na kina somo ambalo kwetu linaweza kueleweka vibaya. Kampuni ya Purdue iliiingiza sokoni mwaka 1996 na kuwaambia madaktari kwamba haileti uraibu kama dawa nyingine za kundi lake, na mwaka 2007 kampuni yake dada ikakiri mahakamani kosa la kuipotosha sifa ya dawa hiyo. Ningesikitika sana daktari wa Tanzania akilisoma hili na kuhitimisha kwamba mgonjwa wa saratani anyimwe mofini. Kwetu wengi wanakufa na maumivu ambayo mofini ya maji, dawa rahisi isiyo na mwakilishi, ingeyatuliza. Upande mmoja wa dunia dawa hizi zilisukumwa kupita kiasi, upande mwingine zimeachwa bila msemaji, na pande zote mbili hitaji la mgonjwa halikuwa ndilo lililoamua.

Sasa nirudi dirishani, kwa sababu madhara ninayoyaona kwa macho yangu ni ya aina ambayo tafiti za nchi tajiri haziyataji sana. Bibi amesafiri kutoka kijiji cha Chamwino, amepimwa, ameandikiwa antibiotiki ya siku saba kwa jina la biashara. Bei yake ni mara tatu au nne ya ile yenye jina halisi tu, yaani jina la dawa yenyewe lisilo la kampuni. Anakifungua kitenge, anahesabu alichonacho, kisha anasema, "Mwanangu, nipe ya siku mbili kwanza, nikiuza alizeti nitarudi." Namwambia, "Bibi, ipo nyingine, dawa ni ile ile, bei yake utaimudu, ngoja nimpigie daktari simu tukubaliane." Anatikisa kichwa. Daktari kaandika hii, na yeye hakutoka mbali kote huko ili aje kupewa kitu kingine na muuza duka. Wakati mwingine daktari anapatikana kwenye simu, anakubali mara moja, na hata hushangaa, kwa sababu hakuwa anaijua bei. Mkoba wa mwakilishi una grafu nyingi na bei huwa haimo. Wakati mwingine hapatikani, na mgonjwa anaondoka na vidonge vya siku mbili.

Mwenye bima haoni tofauti hii, na daktari anayewatibu zaidi wenye bima huizoea hali hiyo akadhani ndiyo ya wote. Lakini watu wengi wa mkoa huu wanalipa mfukoni, na fedha zao huja kwa msimu, wa karanga, wa alizeti, wa zabibu kwa wachache walio nazo. Kwao jina la biashara kwenye cheti ni suala la usalama kwa maana halisi kabisa. Nimonia iliyotibiwa kwa siku mbili hurudi. Shinikizo la damu lililotibiwa mwezi mmoja na kuachwa miwili huishia kwenye kiharusi. Mwenye kifafa aliyeandikiwa dawa ghali inayomshinda baada ya miezi mitatu huanguka kwenye moto wa jikoni, na aliyeiandika hatajua kamwe, kwa sababu mgonjwa huyo hatarudi kwake kumwambia kwamba fedha ziliisha.

Kwa antibiotiki hasara haiishii kwa mgonjwa mmoja. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: zile za kutumiwa kwanza, zile za kutumiwa kwa uangalifu kwa kuwa usugu dhidi yake, yaani vimelea kutosikia tena dawa, huongezeka haraka, na zile za akiba. Septemba 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza. Utangazaji unavuta kwa nguvu kuelekea upande wa pili, kwa kuwa dawa za kundi la kwanza nyingi ni za zamani na za bei ndogo, zisizomlipa mwakilishi nauli ya kuzitangaza. Seftriaksoni, sindano ya kundi la pili, imekuwa dawa ya kila homa katika vituo vingi, na inauzwa kwa majina ya biashara mengi kiasi kwamba hata mimi hulazimika kutazama boksi mara mbili. Mapambano ya nchi yetu dhidi ya usugu wa vimelea yanatumia mabango, semina na kauli za viongozi, na ninayaunga mkono yote. Ila sijasikia katika hotuba hizo mtu akiutaja mkoba unaozunguka kila wiki ukisema kinyume chake.

Nchi hii si ngeni katika suala hili. Mwaka 1978 daktari wa Uingereza John S. Yudkin, aliyewahi kufanya kazi nchini, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugavi wa dawa Tanzania, na hesabu yake ilikuwa kwamba kampuni za dawa zilikuwa na mwakilishi mmoja kwa kila madaktari wanne. Taifa maskini lenye madaktari mia chache lilikuwa na wauzaji wa kutosha kumtembelea kila mmoja wao mara kwa mara. Tanzania ilijibu kwa kuishika mapema fikra ya orodha ya dawa muhimu, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1977, na leo orodha yetu ya taifa inachapishwa pamoja na Mwongozo wa Matibabu, ambao unataka dawa iandikwe kwa jina halisi. Udhibiti wa ubora nao umekua. Mamlaka yetu ya dawa, ambayo sasa ni TMDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu, yaani ya udhibiti ulio imara, katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani, Desemba 2018. Matangazo ya dawa yanapaswa kuidhinishwa na mamlaka hiyo kabla ya kutolewa, na dawa za cheti haziruhusiwi kutangazwa kwa umma. Hayo ni mafanikio ninayojivunia. Hata hivyo kinachoidhinishwa ni karatasi. Maneno yanayosemwa juu ya karatasi hiyo, mlango ukiwa umefungwa, hayapiti mbele ya mtu yeyote.

Wenzangu wengi hupendekeza wawakilishi wapigwe marufuku hospitalini, na sikubaliani nao moja kwa moja. Tabibu aliyeko kituo cha afya ndani ya Mpwapwa au Kondoa, anayeona foleni ya wagonjwa tangu asubuhi, hana muda wala fedha za kusoma majarida, na kwa baadhi yao mwakilishi ndiye mtu pekee aliyewahi kufunga safari kuja kuzungumza naye kuhusu dawa. Ukimwondoa bila kuweka mwingine, umeacha pengo ambalo litajazwa na makundi ya WhatsApp. Swali langu ni kwa nini safari hiyo inafanywa na muuzaji peke yake. Mwaka 1983 Jerry Avorn na Stephen Soumerai walichapisha jaribio lililohusisha madaktari 435 katika majimbo manne ya Marekani: baadhi walitembelewa na wafamasia waliofundishwa, wasiouza chochote, wakazungumza nao ana kwa ana kwa mtindo ule ule wa wawakilishi, na baadhi walitumiwa vipeperushi tu kwa posta. Waliotembelewa walipunguza uandikaji wa dawa zilizolengwa kwa asilimia 14 wakilinganishwa na wasiopewa chochote. Waliotumiwa vipeperushi hawakubadilika. Nimeona waraka mwingi wa serikali ukibandikwa kwenye mbao za matangazo, na matokeo ya jaribio lile hayanishangazi.

Dodoma ingekuwa mahali pazuri pa kulijaribu hili. Tuna Chuo Kikuu, tuna hospitali kubwa, Wizara ya Afya iko Mtumba, na vijana wenye shahada ya famasi wasio na kazi wanatosha kuzunguka wilaya zote za mkoa. Mfamasia mmoja kwa wilaya, mwenye pikipiki na Mwongozo wa Matibabu, anayepita kila kituo kuzungumza juu ya ugonjwa mmoja kwa wakati, akiwa na bei za dawa zote mbele yake, angegharimu fedha kidogo ukilinganisha na hasara ya dawa ghali zinazoandikwa bila sababu.

Hospitali nazo zinaweza kuanza bila kusubiri bajeti ya mtu. Kamati ya Dawa na Tiba inaweza kuamua kwamba mwakilishi akutane na kamati, si na daktari mmoja mmoja, na kwamba aje na taarifa kamili ya madhara na bei, pamoja na ulinganisho na dawa iliyopo kwenye mwongozo. Mafunzo ya kitaaluma yanayodhaminiwa na kampuni ndiyo magumu zaidi, kwa sababu daktari anahitaji pointi za kuhuisha leseni yake na mwajiri mara nyingi hana fungu la kumlipia. Hapo naona ni haki waajiri walipe, na panaposhindikana kabisa udhamini uandikwe hadharani, nani amelipa na kiasi gani. Marekani ilitunga sheria ya kuyaweka wazi malipo hayo mwaka 2010, na daktari yeyote wa huko anaweza kutafutwa kwa jina. Kutegemea hiari ya kampuni hakutoshi: GlaxoSmithKline ilitangaza mwaka 2013 kwamba itaacha kuwalipa madaktari kuzungumza kwa niaba yake, na kufikia mwaka 2018 ilikuwa imelegeza msimamo huo kwa sababu ya ushindani.

Kwa mgonjwa na ndugu wa mgonjwa nina maombi mawili. Cheti kikishaandikwa, kabla ya kutoka chumbani muulize daktari kwa heshima, "Daktari, dawa hii ina jina jingine la bei nafuu?" Sijaona daktari aliyekasirishwa na swali hilo, na likiulizwa na wengi linaingia kichwani kuliko kalenda ya ukutani. Na dawa yoyote mpya kwako ikikuletea vipele, uvimbe wa uso, kizunguzungu, moyo kwenda mbio au jambo lolote usilolielewa, rudi haraka kituoni ulikotibiwa, kisha umwambie pia aliyekuuzia. Tanzania imo tangu mwaka 1993 katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usalama wa dawa, na sisi watoa huduma tuna fomu ya njano ya kupeleka taarifa hizo TMDA, ambayo kuijaza hakuchukui muda mrefu. Fomu hiyo inauliza jina la biashara la dawa, aliyeitengeneza na namba ya toleo, ambavyo vyote vimeandikwa kwenye boksi, kwa hiyo msilitupe boksi la dawa kabla dozi haijaisha.